"Gari Linachemsha": Umbali, Lugha na Historia ya Kutafuta Ubovu wa Magari Mpanda, Katavi, 1947 hadi Sasa

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya maarifa ya kutafuta ubovu wa magari katika mji wa Mpanda na maeneo yanayounda Mkoa wa Katavi. Hoja yake kuu ni kwamba umbali wa eneo hili kutoka kwenye vyanzo vya vipuri ulifanya kosa la fundi kuwa ghali, na kwa sababu hiyo uulizaji wa dalili ukapewa nafasi kubwa kabla ya kubadilisha kifaa. Maarifa hayo hayakuandikwa vitabuni. Yamehifadhiwa katika mazoea ya gereji na katika vitenzi vya Kiswahili ambavyo dereva na fundi hutumia kuelezana hali ya gari. Insha inafuatilia vipindi vitatu: wakati wa mgodi na reli, wakati wa makazi ya wakimbizi na uhaba wa vipuri, na wakati wa soko huria, magari ya mtumba na barabara za lami. Inahitimisha kwa kuonesha kuwa urahisi wa kupata vipuri umepunguza gharama ya kubahatisha, na kwamba mantiki ya mafundi wa zamani inaweza kupotea iwapo haitakusanywa mapema.

1.0 Utangulizi

Dereva anayefika gereji huwa na dalili tu. Ubovu wenyewe bado haujulikani. Husema gari linachemsha, haliwaki asubuhi, linavuta upande wa kushoto, au pedali ya breki imekuwa laini. Kati ya maneno hayo na spana kuna hatua ambayo wanahistoria wa usafiri wameipa nafasi ndogo, nayo ni hatua ya kuuliza. Tangu lini linachemsha? Linachemsha likiwa kwenye foleni au likiwa mwendoni? Maji yanapungua au yanabaki palepale? Fundi anayeruka hatua hii hubaki na njia moja tu, yaani kubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hadi dalili itoweke.

Historia ya magari nchini Tanzania imezoea kuangalia barabara, uagizaji, sera za usafirishaji na ajali. Maeneo hayo ni muhimu, lakini yanamwacha nje mtu aliyelifanya gari liendelee kutembea miaka ishirini baada ya kiwanda kusahau kwamba lilitengenezwa. Insha hii inamrudisha mtu huyo katikati ya historia. Inatumia mambo ya kihistoria yanayojulikana kuhusu eneo la Mpanda, ufafanuzi wa namna mitambo ya gari inavyofanya kazi, na mambo ambayo mwandishi ameyashuhudia akiwa msafiri na mwenye gari katika eneo hilo.

Mpanda imechaguliwa kwa sababu ya mahali ilipo. Kwa reli, mji huu uko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam. Kwa barabara, kuelekea kaskazini kuna msitu na maeneo ya mto Koga kabla ya kufika Tabora. Kuelekea kusini kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi na miteremko ya Lyamba lya Mfipa kabla ya kufika Sumbawanga. Kuelekea magharibi kuna njia ya kwenda Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, na kwa miongo mingi msimu huo ulikuwa na maana ya tope. Msimu wa kiangazi ulikuwa na maana ya vumbi. Gari lililoharibika katikati ya njia hizi lilikuwa mbali na kila aina ya msaada, isipokuwa akili za watu waliokuwa ndani yake.

2.0 Mgodi, Reli na Karakana: 1947 hadi Miaka ya 1960

Mpanda ya kisasa ilikua kwa sababu ya madini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Uruwira Minerals iliendeleza uchimbaji wa risasi katika eneo hilo. Ili kusafirisha madini, serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, hadi Mpanda. Tawi hilo lenye urefu wa takribani kilomita 210 lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufikia mwaka 1950 lilikuwa limekamilika. Mgodi wenyewe haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uzalishaji mkubwa ulikuwa umekwisha. Reli ilibaki.

Kwa historia ya ufundi, mfululizo huu una maana mbili. Kwanza, mgodi wa kiwango kile hauendeshwi bila karakana. Malori, pampu za maji na injini za kuzalisha umeme huhitaji watu wanaojua kufua chuma, kuchomelea, kukereza na kusoma mlio wa injini. Injini ya dizeli iliyosimama chini ikizalisha umeme na injini ya dizeli iliyofungwa kwenye lori ni ndugu. Anayejua kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta wa moja anajua pia kwa nyingine. Ufundi wa magari katika miji ya migodi, kwa mantiki hiyo, haukuanzia kwenye magari peke yake.

Pili, reli iliunda namna maalumu ya kusubiri. Kipuri ambacho hakikupatikana Mpanda kiliagizwa Tabora au Dar es Salaam na kuletwa kwa treni. Aliyeagiza pampu ya maji kumbe ubovu ulikuwa kwenye themostati alipoteza fedha na siku nyingi, na katika siku hizo lori halikubeba mzigo. Hapa ndipo msingi wa hoja ya insha hii ulipo. Mahali ambapo kipuri kiko mtaa wa pili, kosa la kubaini ubovu linagharimu mchana mmoja. Mahali ambapo kipuri kiko safari ya treni, kosa hilohilo linaweza kugharimu msimu wa mavuno.

3.0 Makazi, Uhaba na Ustadi wa Kutengeneza: 1972 hadi 1985

Mgodi ulipokwisha, idadi ya magari yaliyohitajika katika eneo la Mpanda ilitegemea mambo mengine. Machafuko ya Burundi ya mwaka 1972 yalileta makumi ya maelfu ya wakimbizi nchini. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978, yote katika eneo la Mpanda. Huduma ya Kikristo kwa Wakimbizi, iliyojulikana kwa kifupi chake cha TCRS, ilishiriki katika kuyajenga kwa kushirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa. Barabara zilikatwa msituni, visima vikachimbwa, mahindi na tumbaku vikaanza kusafirishwa. Mwaka 1974 Katavi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka huohuo Mkoa wa Rukwa ulioijumuisha Mpanda uliundwa. Mambo yote hayo yalihitaji malori na Land Rover.

Mahitaji hayo yalikuja wakati mbaya. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilimaliza akiba ya fedha za kigeni. Uagizaji wa magari na vipuri ulikuwa umewekwa chini ya mashirika ya umma, likiwemo Shirika la Magari la Taifa lililoundwa katikati ya miaka ya 1970. Serikali ilifikia hatua ya kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Katika mazingira hayo, mkoa wa pembezoni ulisubiri mgao baada ya miji mikubwa.

Lugha ya gereji ina alama ya kipindi hiki. Kitenzi kutengeneza kilikuwa na maana nzito kuliko ilivyo leo. Fundi hakubadilisha stata. Aliifungua, akasafisha kaboni, akasawazisha shaba iliyolika, akairudisha. Plagi ilisafishwa kwa brashi ya waya na nafasi yake ikapimwa upya. Pointi za distribyuta zilipigwa msasa. Rejeta iliyovuja ilichomelewa kwa risasi na bati. Bushi ilikerezwa kutoka kwenye chuma kilichotolewa kwenye gari jingine lililokufa, na magari yaliyokufa yakawa ghala la vipuri la walio hai.

Hata hivyo, haitakuwa haki kukisifu kipindi hiki bila kutaja hatari zake. Mfano ulio wazi ni mafuta ya breki. Njia mojawapo inayokumbukwa na madereva wa zamani ni kujaza maji ya sabuni kwenye mfumo wa breki mafuta yalipokosekana. Kwa mwendo mfupi njia hiyo ilionekana kufanya kazi, kwa sababu kimiminika chochote husukuma pistoni. Tatizo lilijitokeza kwenye mteremko. Breki inapotumika mfululizo hupata joto kali. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, huku mafuta halisi ya breki yakistahimili joto la zaidi ya nyuzi 200 yakiwa mapya. Maji yakishageuka mvuke, mguu wa dereva hukandamiza mvuke badala ya kusukuma pistoni, na pedali huzama hadi sakafuni. Aidha, maji hutia kutu kwenye silinda. Kwa hiyo ustadi wa wakati wa uhaba ulikuwa na sura mbili: uliokoa magari, na mara nyingine uliahirisha ajali.

4.0 Maswali ya Kila Siku na Mantiki ya Majibu Yake

Sehemu hii inaeleza maswali matatu yanayoulizwa mara nyingi gereji. Lengo ni kuonesha kwamba majibu yake yana mantiki ya uchunguzi inayoweza kuandikwa na kufundishwa.

4.1 Gari linachemsha

Kuchemsha ni dalili yenye vyanzo vingi: maji kuvuja, mkanda wa feni kulegea, themostati kukwama, njia za rejeta kuziba, pampu ya maji kuchoka, au gasketi ya silinda hedi kuungua. Fundi makini hutenganisha vyanzo hivi kwa maswali kabla ya kugusa chochote. Iwapo gari huchemsha likiwa limesimama au linatambaa kwenye tope, lakini hupoa likikimbia, anaishuku feni au mkanda wake, kwa kuwa likikimbia upepo wa mwendo hufanya kazi ya feni. Iwapo huchemsha likikimbia au likipanda mlima na mzigo, anashuku rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka vizuri. Katika njia za Katavi rejeta huziba pia kwa nje, kwa sababu mbegu za nyasi kavu, vumbi na wadudu hujaa kwenye matundu yake. Dawa yake ni kupuliza au kumwagia maji kutoka upande wa injini kuelekea nje.

Iwapo maji yanapungua bila tone kuonekana chini, swali linahamia ndani ya injini. Oili iliyobadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa, mapovu yanayotoka kwenye rejeta injini ikiwa imewashwa tu, na moshi mweupe usiokoma huelekeza kwenye gasketi. Hapo kuongeza maji kila baada ya kilomita kumi hakutibu kitu.

Mazoea mawili yaliyoenea yanahitaji kusahihishwa. La kwanza ni kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Mfumo huu hufanya kazi chini ya mgandamizo, na mgandamizo huruhusu maji kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa mgandamizo huondoka ghafla, maji huchemka mara moja na kuruka usoni mwa aliyefungua. La pili ni kuondoa themostati moja kwa moja kwa imani kwamba nchi za joto haziihitaji. Injini isiyo na themostati huchelewa kufikia joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na huchakaa haraka.

4.2 Gari haliwaki

Swali la kwanza ni moja: stata inazunguka au haizunguki? Iwapo haizunguki na kunasikika mlio mmoja wa "tik", fundi humwambia dereva awashe taa kubwa kisha apige stata. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu au vichwa vyake vina kutu. Taa zikibaki na nguvu, tatizo linaelekea kwenye stata yenyewe au waya wake. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote, na ndiyo maana kimedumu.

Iwapo stata inazunguka lakini injini haiwaki, njia hugawanyika kulingana na mafuta yanayotumika. Injini ya petroli huhitaji cheche na mafuta, hivyo fundi hutafuta kipi kati ya hivyo viwili kimekosekana. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huwasha kwa joto la hewa iliyobanwa, na adui yake mkubwa ni hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Dereva aliyeruhusu tangi likauke njiani kati ya Mpanda na Inyonga hawezi kuongeza dizeli na kuondoka tu. Ni lazima alegeze nati ya kutolea hewa, asukume pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kisha akaze. Utingo aliyejua kazi hiyo alikuwa na thamani zaidi ya mbebaji wa mizigo.

4.3 Breki na usukani

Pedali laini inayozama humaanisha hewa au uvujaji. Pedali inayopanda kila ikipampuliwa huonesha kuwa pengo kati ya pedi na chuma limekuwa kubwa au kuna hewa ndani. Pedali ngumu kama jiwe, gari lisilotaka kusimama, huonesha kwamba kifaa cha kuusaidia mguu hakipati nguvu. Gari linalovuta upande mmoja wakati wa kufunga breki lina gurudumu moja linalofanya kazi kuliko jingine. Gari linalovuta upande hata bila breki lina tatizo la upepo wa tairi, upangaji wa magurudumu au kifaa cha usukani kilicholegea. Barabara ya changarawe yenye mawimbi hulegeza kila kilichokazwa, na kwa hiyo madereva wa njia ndefu walijifunza kuzunguka gari kila waliposimama, wakigonga springi, wakigusa vikombe vya magurudumu kwa kiganja ili kulinganisha joto. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake lina breki iliyonata au beringi inayokaribia kufa. Kiganja kilikuwa kipimo chao.

5.0 Vitenzi kama Hifadhi ya Maarifa

Mifano iliyotangulia inaonesha kwamba uchunguzi huanza na neno la dereva. Inafaa basi kuyaangalia maneno yenyewe. Majina ya vifaa vya gari katika Kiswahili kwa sehemu kubwa yametoholewa kutoka Kiingereza: breki, klachi, gasketi, kabureta, pistoni, beringi. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu hudhani Kiswahili hakina mchango wake katika ufundi huu. Dhana hiyo hutokana na kutazama nomino peke yake.

Vitenzi vinasema jambo jingine. Fundi wa Mpanda hutofautisha gari linalovuja oili na gari linalokula oili. Kuvuja ni kupoteza oili nje, na chanzo chake hutafutwa kwenye sili na gasketi. Kula ni kuiunguza ndani, na chanzo chake hutafutwa kwenye ringi za pistoni au sili za vali, kwa ushahidi wa moshi wa bluu. Gari linalokohoa, kwa maana ya injini kukatika na kurudi, si sawa na gari linalomisi, ambalo silinda yake moja haifanyi kazi na mtikisiko wake hurudi kwa mpangilio uleule. Gari linalokosa nguvu si sawa na gari linalozimika. Gari linalopata moto bado lina nafasi ya kupona kwa kupumzishwa. Linalochemsha limeshavuka mpaka.

Lugha hii inalichukulia gari kama mwili unaokula, kunywa, kupumua, kukohoa na kuchoka. Tamathali hizo zinasaidia kazi, kwa sababu kila kitenzi kimebeba mgawanyo wa vyanzo. Mtu anayechagua kusema "linakula" badala ya "linavuja" amekwisha kulipunguza eneo la kutafuta kwa nusu. Kwa maana hiyo, kitenzi ni chombo cha kupimia, na historia ya uhaba imehifadhiwa ndani yake.

6.0 Soko Huria, Mtumba na Kompyuta: 1984 hadi Sasa

Bajeti ya mwaka 1984/85 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 yaliendeleza mwelekeo huo. Katika miongo iliyofuata, magari yaliyotumika nchini Japani, ambayo tayari yana usukani wa kulia, yakawa sehemu kubwa ya magari yanayoonekana barabarani. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa unaojitegemea, Mpanda ikiwa makao makuu yake. Ofisi ziliongezeka, na pamoja nazo magari madogo na bodaboda. Barabara ya lami ya Tabora, Koga hadi Mpanda, iliyojengwa kwa mchango wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilipunguza sana upweke wa mji. Kipuri kinachoagizwa leo huweza kufika kwa basi.

Mabadiliko haya ni neema, na hakuna aliyewahi kulala na mgonjwa ndani ya gari lililokwama kwenye tope atakayetamani yarudi ya zamani. Lakini yamebadilisha hesabu iliyoelezwa katika sehemu ya pili. Kosa la kubahatisha limekuwa rahisi kwa fundi, kwa sababu gharama yake hulipwa na mwenye gari.

Wakati huohuo gari lenyewe limebadilika. Kabureta imeondoka na nafasi yake kuchukuliwa na nozo zinazoongozwa na kompyuta. Nchini Marekani, magari ya kuanzia mwaka 1996 yalitakiwa kuwa na mfumo wa pamoja wa kujipima, na watengenezaji wengine duniani walifuata mifumo ya namna hiyo. Taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, fundi huunganisha kifaa cha kupimia, na namba huonekana. Hapa ndipo kosa jipya huzaliwa. Namba hiyo hutaja sakiti au kipimo kilichotoka nje ya mipaka. Haithibitishi kwamba kifaa fulani kimekufa. Namba inayotaja sensa ya hewa ya oksijeni inaweza kuletwa na ekzosi iliyotoboka, waya uliolika, au petroli mbaya. Anayesoma namba na kununua sensa papo hapo amerudi kwenye kubahatisha, ingawa ana kifaa cha kisasa mkononi.

Suala la mafuta linathibitisha jambo hili. Kwa miaka mingi uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli ulikuwa tatizo nchini, kwa kuwa mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Mafuta ya taa yana uwezo mdogo wa kulainisha, hivyo pampu ya dizeli huchakaa. Katika petroli husababisha injini kugonga. Fundi aliyebadilisha pampu bila kuuliza mafuta yalinunuliwa wapi alitibu matokeo na kuacha chanzo.

Mwandishi wa insha hii alipata somo hilo kwa gharama yake. Gari lake dogo lilikuwa likizima ghafla safarini, kisha kuwaka baada ya dakika chache. Katika gereji moja ya mji mwingine lilibadilishwa plagi, kisha pampu ya petroli, kisha sensa moja, na kila mara liliendelea kuzima. Hatimaye alilipeleka kwa mzee mmoja wa Mpanda anayefanyia kazi chini ya mti, asiye na kifaa cha kupimia. Mzee alisikiliza, kisha akauliza, "Mwanangu, linazima kwenye lami au kwenye mashimo?" Jibu lilikuwa kwenye mashimo, kila mara. Mzee hakugusa mfumo wa mafuta. Alifuata waya wa athi, unaounganisha betri na bodi ya gari, akaukuta umelegea na kuota kutu chini ya bolti yake. Aliukwangua, akaukaza, akadai shilingi elfu tano. Vifaa vitatu vilivyobadilishwa vilikuwa vizima. Swali lake moja lilitokana na miaka ya barabara ambazo sasa zinawekewa lami.

7.0 Nani Atarithi Swali Hili?

Ufundi wa gereji za Mpanda umerithishwa kwa uanagenzi. Kijana huanza kwa kuosha vifaa, kisha kushika taa, kisha kufungua bolti, na hatimaye kuruhusiwa kusikiliza mazungumzo ya fundi na dereva. Njia hii ina nguvu, kwa sababu hufundisha kuuliza katika tukio halisi. Ina udhaifu pia: mwanafunzi hutegemea uvumilivu wa mwalimu mmoja, wasichana wamekuwa wachache sana, na fundi anapofariki hakuna daftari linalobaki.

Elimu rasmi ya ufundi stadi, iliyopewa mfumo wake wa sasa na Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, imefungua mlango wa vyeti. Changamoto iliyobaki ni ya lugha. Vitabu vya matengenezo vya watengenezaji wa magari huja kwa Kiingereza au Kijapani, ilhali dereva huja na sentensi ya Kiswahili. Kijana aliyekariri neno la kigeni la kila sensa lakini hajafundishwa tofauti ya kula na kuvuja anakosa daraja la kumfikisha kwenye ubovu. Kwa upande wa pili, mzee anayejua tofauti hiyo lakini hawezi kusoma namba za kompyuta analazimika kuyakataa magari mapya. Maarifa haya mawili yanahitajiana, na kwa sasa mara nyingi yanaishi katika gereji tofauti.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba historia ya magari ya Katavi ni pia historia ya maswali. Reli ya mwaka 1950 iliyafanya maswali hayo yawe ya lazima kwa sababu kipuri kilikuwa mbali. Uhaba wa miaka ya 1970 na 1980 uliyanoa, ingawa ulizaa pia njia za hatari kama ile ya maji ya sabuni. Soko huria na lami vimeyafanya yaonekane kama kupoteza muda.

Mapendekezo mawili yanatokana na uchunguzi huu. Kwanza, vyuo vya ufundi na idara za Kiswahili vishirikiane kukusanya vitenzi vya dalili pamoja na mantiki iliyomo ndani yake, kabla ya kizazi kilichovitumia wakati wa uhaba hakijaondoka. Orodha ya nomino zilizotoholewa haitoshi. Pili, wenye magari wenyewe wawe na daftari dogo linaloandikwa tarehe, kilomita, dalili ilivyoelezwa, na kilichofanyika. Daftari la namna hiyo humsaidia fundi leo, na likitunzwa litakuwa hati ya mwanahistoria kesho.

Ajali nyingi zinazoitwa za breki huanza siku kadhaa kabla, pale dereva aliposema pedali imekuwa laini na hakuna aliyemuuliza tangu lini.